Mawingu ya Mtwara, mvua ya Lindi: kupiga picha jua likiwa limejificha

Mvua za kusini huanza kuonjesha Novemba, hukolea Januari mpaka Machi, kisha huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo wapiga picha wengi wa Mtwara na Lindi huiacha kamera kabatini wakisubiri jua. Mimi naona wanasubiri kitu kibaya. Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 22 Februari, na katika siku za kati halisogei mbali. Likiwa pale juu saa 6 mchana, macho ya mtu yanageuka mashimo meusi, kanzu nyeupe inaungua mpaka haina mikunjo, na jani la mkorosho linarudisha mng'ao mweupe badala ya ukijani. Wingu linaondoa yote matatu kwa pamoja. Linakuja na shida zake, ila hizo zina dawa.

Kinachowaangusha wengi ni kupiga siku ya wingu kwa mazoea ya siku ya jua: bahari chini, anga juu, nusu kwa nusu, basi. Picha inatoka ya kijivu na lawama inakwenda kwa hali ya hewa. Siku ya jua taa ni moja na ina upande wake. Siku ya mawingu mazito anga lote ndilo taa, na mwanga wake haulingani: wingu lililofunika anga zima huwa na mwangaza karibu mara 3 zaidi juu ya kichwa kuliko upeoni. Yaani mwanga mwingi unashuka wima. Ukilijua hilo, kila uamuzi unabaki maswali mawili: anga liko wapi kwenye fremu, na giza liko wapi? Anga linaleta mwanga lakini likiwa jeupe tupu halina cha kutazama. Giza ndilo linaloipa picha umbo, kwa sababu vivuli vya jua havipo tena kufanya kazi hiyo.

Mwanga umepungua kiasi gani

Kanuni ya zamani ya wapiga filamu inasema jua likiwa wazi, weka f/16 (upana wa tundu la lenzi; namba ikipungua tundu linapanuka), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata 1/100 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaruhusiwa kuingia). Mawingu mazito yanakutaka ufungue tundu la lenzi mpaka f/5.6, ambazo ni hatua 3. Kila hatua ni nusu, kwa hiyo umebaki na sehemu 1 kati ya 8 ya mwanga wa jua. Wingu jeusi la mvua kubwa linaweza kula hatua 2 nyingine, na chini ya mwembe uliofunga zinaondoka 2 tena. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini picha za mvua zinatoka zimetikisika. Kamera au simu ikiachiwa iamue yenyewe inashusha shata mpaka 1/30 au chini yake, mkono unayumba, mtu anatembea, na kila kitu kinapata ukungu usio wa hali ya hewa.

Kwa kamera, anza na ISO 800, tundu f/4 au f/5.6, na uhakikishe shata haishuki chini ya 1/250 kama kuna watu wanaotembea. Wingu likiwa jeusi panda hadi ISO 1600 au 3200 bila woga. Picha yenye chenga kidogo inasameheka, iliyotikisika haina tiba. Kwa simu, tumia lenzi kuu, ile ya 1x, maana ndiyo yenye tundu kubwa zaidi kwenye simu nyingi. Lenzi ya pembe pana na ile ya kuvuta mara nyingi zina sensa (kipokea mwanga) ndogo, na gizani zinatoa rangi zilizopakwapakwa.

Kuna mtego mwingine. Kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ukiweka anga jeupe kubwa ndani ya fremu, kinadhani mwanga ni mwingi na kinafifisha picha yote: mtumbwi unakuwa mweusi, mvuvi hana uso. Sogeza fidia ya mwangaza, yaani mpangilio unaoiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga, kwenye +0.7 au +1. Kwenye simu gusa uso wa mtu, ushikilie mpaka fokasi ifunge, kisha vuta alama ya jua juu kidogo. Ukipiga kinyume chake, mwamba wa Masasi uliolowa ukajaza fremu nzima, kipima kinadhani ni usiku na kukung'arizia picha. Hapo shuka -0.7. Hali hiyo hutokea pia uso wenye ngozi nyeusi ukijaza fremu: kamera inautia mwanga kupita kiasi na ngozi inapauka, wakati uso huohuo ukiwa mdogo mbele ya anga jeupe unazimika. Tazama histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, usiamini kioo peke yake. Kioo kikitazamwa kwenye giza la mawingu huonekana king'avu kuliko picha yenyewe.

Litoe anga

Siku ambayo wingu ni shuka moja jeupe lisilo na mistari, anga lisizidi sehemu 1 ya 5 ya fremu, na likiwezekana lisiwepo kabisa. Panda juu, elekeza lenzi chini. Kwenye mteremko wa Boma ya Mikindani, ngome iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1895 karibu na Mtwara mjini, unaweza kujaza fremu na mapaa ya bati, minazi na vichochoro bila kipande cha anga. Mvua ikiwa imekwisha punde, bati lenye kutu hugeuka hudhurungi nzito na bati jipya hurudisha kijivu cha anga. Tofauti hiyo inatosha kuwa picha.

Usipokuwa na pa kupanda, tafuta paa, tawi au upinde wa mlango uzibe sehemu ya juu. Vichochoro vya Mikindani vinafaa kwa sababu kuta zake zinakata mwanga wa pembeni na kuacha ufa wa anga tu juu. Mtu akisimama katikati ya kichochoro anapata mwanga kutoka juu na mbele, na kuta za pande mbili zinamchora kwa giza. Siku ya jua kichochoro hichohicho kina ukuta mmoja unaowaka na mwingine usioonekana.

Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, kwangu ni mahali pa wingu kabla ya kuwa mahali pa jua. Ndani ya Msikiti Mkuu kuna nguzo, matao na kuba. Jua likiwa kali, nafasi za wazi zinaungua huku chini ya kuba pakiwa usiku, na hakuna kamera inayobeba vyote viwili katika picha moja. Wingu linashusha tofauti hiyo mpaka faili moja ya RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, inatosha. Jiwe la matumbawe nalo likilowa linaiva rangi, kuvu na majani yanaonekana, na vishimo vya matumbawe vinajitokeza. Weka f/8, ISO 400, kamera kwenye stendi, shata ifike popote inapofika, hata nusu sekunde, maana jiwe halitembei. Kibali cha kuingia kinapatikana Kilwa Masoko kabla ya kupanda boti, na vifaa vivuke ndani ya mfuko usioingiza maji. Wimbi dogo la pembeni linalowesha begi kuliko mvua ya saa nzima.

Wingu lenye sura ni habari nyingine. Dhoruba inayosogea kutoka baharini, yenye ukingo uliokatika na mstari wa mwanga chini yake, ipe anga theluthi 2 za fremu na ushushe mwangaza -0.7 ili wingu libaki na uzito. Inafaa uwe na kitu kimoja cheupe au chenye rangi chini: tanga la mashua, paa, kanga. Dakika 10 kabla ya mvua kufika huwa na mwanga mzuri kuliko saa nzima itakayofuata.

Rangi ya kitu kilicholowa

Kitu kikilowa rangi yake hukolea, lakini juu yake hukaa ngozi ya maji inayorudisha weupe wa anga. Kazi ya filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, ni kuondoa ngozi hiyo. Watu huinunua kwa ajili ya anga la buluu, halafu siku ya mawingu wanaiacha nyumbani. Kwenye anga la mawingu kweli haifanyi kitu. Kwenye majani ya mkorosho, mgomba, mwamba na lami iliyolowa inafanya maajabu. Izungushe polepole ukitazama kwenye kioo mpaka weupe uzimike. Hufanya kazi vizuri zaidi ukitazama maji kwa mteremko wa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukitazama wima chini huoni tofauti. Inakula hatua 1.5 hadi 2 za mwanga, kwa hiyo pandisha ISO kabla hujashangaa kwa nini picha imetikisika. Na ukipiga taswira ndani ya dimbwi, igeuze au ivue, la sivyo itaifuta taswira yenyewe.

Mahali pa kuijaribu ni shambani, Oktoba mpaka Desemba, korosho zinapookotwa huku mvua za kwanza zikinyemelea. Bibo jekundu au la njano lililolowa, korosho yake ikining'inia chini na nyuma yake giza la mkorosho, ni picha isiyohitaji jua. Sogea mpaka karibu kabisa na mwisho wa fokasi ya lenzi yako, f/8, shata 1/250, subiri upepo utulie. Tone la maji kwenye ncha ya korosho hubeba taswira ya shamba lililopinduka ndani yake. Kuipata, fokasi iwe kwenye taswira yenyewe na si kwenye ngozi ya tone, tofauti ya milimita chache tu, na hapo fokasi ya mkono ndiyo inayofaa. Wingu likianza kunguruma tazama watu kwenye majamvi ya kuanikia: mbio za kuzifunika korosho zina mikono, turubai na vumbi la mwisho, vyote ndani ya dakika 2. Shata 1/500. Ukiombwa ushike upande mmoja wa turubai, shika, picha baadaye.

Turubai lenyewe lina hila. Sokoni mvua ikinyesha wauzaji hutanda maturubai ya buluu, na mwanga wote unaopita hapo unageuka buluu. Nyuso zinaonekana za wagonjwa, nyanya zinakuwa zambarau. Kuweka mizani ya weupe, yaani kuionyesha kamera nyeupe ni ipi, kwa kupima sahani nyeupe chini ya turubai kunasaidia kama kila kilichomo kwenye fremu kiko chini yake. Kikiwepo kipande cha nje, hicho kitageuka rangi ya machungwa. Dawa iliyo rahisi ni kumwomba mwenye meza asogee hatua 1 hadi ukingoni, ambako mwanga mweupe wa nje unaushinda wa buluu. Mwamvuli mwekundu hufanya vivyo hivyo usoni kwa aliyeushika. Mara chache inapendeza. Mara nyingi haipendezi.

Kwa kila picha ya wingu usiiache kamera ichague rangi yenyewe, maana hupenda kuirudisha baridi. Chagua alama ya wingu, au weka mizani ya weupe kwenye 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga). Mawingu mazito yanaweza kutaka 7000K. Ukipiga RAW utarekebisha baadaye, lakini kuiona rangi sahihi pale pale kunabadilisha unachokitafuta.

Nyuso na baraza

Kwa kuwa mwanga wa wingu unashuka wima, mtu aliyesimama uwanjani chini ya anga jeupe bado ana vivuli laini machoni na chini ya kidevu. Ni vivuli vya upole, lakini vinachosha uso. Baraza ndiyo jibu. Paa linaziba mwanga wa juu, na ule unaobaki unaingia kwa mbele. Mweke mtu nusu mita hadi mita 1 ndani ya ukingo wa baraza, akitazama nje, nyuma yake mlango wazi wa chumba chenye giza. Akiingia zaidi ya mita 2 macho yanapoteza nuru; akitoka nje ya ukingo yanarudi kwenye vivuli. Lenzi ya milimita 50 au 85, tundu f/2.8, fokasi kwenye jicho lililo karibu. Ngozi nyeusi chini ya mwanga huu mpana hupata mng'ao kwenye shavu na paji unaouonyesha mfupa, jambo ambalo jua kali huligeuza madoa meupe.

Mzee wa Mikindani aliyekaa barazani kwake si pambo la ukuta. Salamu kwanza, shikamoo kwa anayestahili, ruhusa, halafu kamera. Mvua inasaidia hapa: watu wote wamejibanza mahali pamoja, hakuna mwenye haraka, na mazungumzo yanakuja yenyewe.

Kuifanya mvua ionekane

Malalamiko ya kawaida ni haya: ilikuwa inanyesha kweli, kwenye picha hamna mvua. Sababu ni mbili, mandhari ya nyuma na shata.

Tone la maji linaangaza likiwa na mwanga nyuma yake na giza nyuma ya mwanga huo. Mvua mbele ya anga jeupe haionekani kamwe. Iweke mbele ya mwembe, mlango wazi, ukuta uliolowa au kichaka cha mikoko. Kisha shata. Tone la milimita 2 huanguka kwa karibu mita 6.5 kwa sekunde. Shata ya 1/60 inalichora kama uzi wa sentimita 11, ya 1/125 kama sentimita 5, ya 1/500 kama sentimita 1.3. Kati ya 1/60 na 1/125 mvua inasomeka kama mvua. Chini ya 1/30 nyuzi zinakuwa ndefu na hafifu mpaka zinageuka ukungu, na juu ya 1/1000 unapata vidoa vinavyofanana na uchafu wa sensa. Manyunyu ni tone la nusu milimita linaloshuka kwa mita 2 tu kwa sekunde, kwa hiyo usihangaike nayo, yapige kama ukungu. Lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, milimita 100 hadi 200, inakusanya mvua nyingi kati yako na mtu. Lenzi pana inaonyesha chache. Ndiyo maana simu kwenye 1x huonyesha mvua kubwa kama mchana mkavu.

Ukitaka mvua iwake hasa, ngoja magharibi. Desemba na Januari jua la Mtwara huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasorobo jioni, na mwanga wa buluu unaofuata haudumu zaidi ya dakika 20 hivi. Katika dakika hizo taa za bajaji na bodaboda ndizo flashi zako. Simama ili chombo kije upande wako, mtu anayevuka awe kati yako na taa, umbali wa mita 5 hadi 8 kutoka kwenye taa, na mwili wake uizibe. Mvua inawaka kumzunguka na lami inachora mistari ya mwanga mpaka miguuni kwako. ISO 1600, f/2.8, 1/125, mizani ya weupe 5000K ili buluu ibaki. Wewe simama pembeni ya barabara, nje ya lami. Dereva kwenye mvua ya magharibi hakuoni.

Flashi ya kwenye kamera ni adui hapa. Inayapiga matone yaliyo sentimita 30 mbele ya lenzi na kuyageuza mipira meupe iliyotawanyika usoni pa mtu. Flashi ikiwa nyuma ya mtu, kwa nguvu ya 1/8, imefunikwa na nailoni, inafanya kinyume chake. Tochi ya simu ya pili inaweza kuiga hilo kama giza limeshaingia.

Paa la bati ni chombo kingine cha bure. Mikunjo ya bati la kawaida iko umbali wa milimita 76 mmoja hadi mwingine, kwa hiyo maji hushuka kwa nyuzi zilizopangwa sawasawa mbele ya baraza. Kaa ndani, piga kuelekea nje kwa 1/15 ukiegemea nguzo, nyuzi zinakuwa pazia. Kwa 1/1000 kila uzi unakatika shanga. Makuti hayafanyi hivyo. Yanadondosha hovyo, na uzuri wake uko kwenye ncha za makuti yenyewe zilizobeba tone moja moja.

Pazia la nailoni la bajaji nalo usilipuuze. Fokasi kwenye matone yaliyo juu yake, f/2.8, na mtaa unageuka madoa ya rangi. Fokasi mtaani, na matone yanayeyuka. Simu itang'ang'ania matone kila mara. Gusa kitu cha nje ushikilie mpaka ifunge.

Chini: dimbwi na maji kupwa

Anga ambalo halifai kupigwa juu linafaa sana likiwa chini. Kwa dimbwi, lenzi iwe sentimita 2 hadi 5 juu ya maji. Simu igeuze kichwa chini ili lenzi ikae karibu na maji, kisha uizungushe picha baadaye. Dimbwi la upana wa ndoo linatosha kumeza msikiti mzima kama umeshuka vya kutosha. Fokasi kwenye jengo ndani ya taswira, si kwenye ukingo wa dimbwi. Maji ya matope ya udongo mwekundu yanarudisha taswira nzuri, kwa sababu kinachofanya kazi ni uso wake. Upepo tu ndio unaoharibu.

Picha kubwa zaidi ya aina hiyo iko kwenye ghuba za Mikindani na Lindi wakati wa bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, siku chache baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, saa ambazo jua lingekuwa limeshaharibu kila kitu. Wingu likiwepo, tope na mchanga uliolowa vinakuwa kioo cha kijivu, na kila anayetembea juu yake, anayetafuta pweza au anayevuta mtumbwi, anachorwa mara mbili. Hapa anga jeupe ndilo unalolitaka: mwangaza +1, mtu awe mdogo, nafasi kubwa imzunguke. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu, hayatoi uwanja wa namna hiyo.

Newala ni jambo la milimani. Mji umekaa kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, na asubuhi baada ya mvua ya usiku ukungu hulala bondeni upande wa Ruvuma. Pale Shimo la Mungu fika kabla ya jua kuchomoza, lenzi ndefu ikate vipande vya matuta yaliyopangana, kila la nyuma likiwa jepesi kuliko la mbele. Fokasi ya kamera hupotea kwenye ukungu na kwenda na kurudi bila kushika. Ifungie kwenye ukingo wa mti ulio umbali huohuo. Mwangaza +0.7, la sivyo ukungu utatoka wa saruji.

Kifaa kisife

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo ule mfuko wa dukani wa kufunikia kamera umekwenda. Nunua nailoni angavu ya mita moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kata kipande cha sentimita 60 kwa 80, toboa tundu linalolingana na kikofia cha lenzi (ule mdomo wa mbele unaoikinga lenzi, si kifuniko chake), kaza kwa mpira wa kufungia, na uache upande wa chini wazi kwa ajili ya mikono. Ukiifunga pande zote joto la mkono na la kamera linatengeneza mvuke ndani, na kamera inalowa ikiwa imefunikwa.

Novemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini mashariki. Ukitazama bahari kutoka Shangani ya hapa Mtwara, mvua inakuja moja kwa moja kwenye kioo. Upe mgongo, tazama upande wa nchi kavu. Kikofia cha lenzi kinazuia mvua ya wima, si ya upepo. Kati ya picha na picha elekeza lenzi chini, na uwe na vitambaa 2 vya maikrofaiba: cha kwanza kinyonye maji, cha pili kisafishe. Kitambaa kimoja kikishalowa kinahamisha maji tu, na shati la pamba linaacha nyuzi.

Lenzi kuingia ukungu ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi ni jambo la kila siku Mtwara. Hewa ya masika hapa ina unyevu unaoweza kugeuka umande kwenye nyuzi 24, na chumba chako kilikuwa 22. Ifungie kamera ndani ya mfuko uliobanwa kabla ya kutoka, iache humo dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Usifute ukungu huo, unarudi. Usifungue lenzi pia, utauhamishia kwenye sensa.

Simu yenye IP68, alama ya kustahimili maji, imepimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tena ikiwa mpya. Maji ya bahari ni kitu kingine. Vidole vilivyolowa vinaichanganya skrini. Tumia kitufe cha sauti kupigia. Tundu la chaji likilowa, itingishe simu tundu likiwa chini, iache saa kadhaa mbele ya feni, na usichomeke waya. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi na wanga.

Radi: kati ya mmeto na mngurumo zikipita sekunde chini ya 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10, ingia ndani ya nyumba. Baki humo dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho. Ufuko mtupu, mtumbwi, na chini ya mkorosho uliosimama peke yake ni mahali pabaya kuliko pote, na stendi ya chuma mkononi haisaidii. Soma tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari ndefu. Mvua za Kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na begi la kamera halimsaidii mtu aliyekwama huko. Bandari, madaraja makubwa na kambi, usielekeze lenzi bila kibali, mvua au jua.

Kwenye kuhariri nina neno moja tu: ongeza utofauti wa giza na mwanga, usiongeze rangi. Shusha weusi mpaka sehemu ndogo ya picha iwe nyeusi kweli, na mara nyingi umemaliza. Kile kitelezi cha kuondoa ukungu ukikivuta kupita 15 kwenye anga la mawingu kinafukua chenga na kuchora mabaka. Kwenye picha ya Newala kisiguswe.

Ukirudi nyumbani, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji ya bomba kama ulikuwa pwani, maana chumvi iliyokauka inakwaruza. Toa betri na kadi, acha milango yake wazi, lenzi na kamera zikae mbele ya feni saa 2 au 3 zikiwa nje ya begi. Begi lililolowa likifungwa usiku kucha linazalisha kuvu. Kwa miezi yote ya mvua hifadhi vifaa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, gramu 300 hadi 500 za silika (punje za kunyonya unyevu), na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 kwa siku nyingi kuvu huanza kutambaa kwenye vioo kama utando wa buibui. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani, au ya buluu ikigeuka waridi, imeshiba: ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa 2, au kwenye moto mdogo wa mkaa ukiikoroga mpaka rangi irudi. Ile ya buluu ina kobalti, usiikaushie kwenye sufuria ya kupikia. Lenzi ambayo tayari ina kuvu iwe na ndoo yake.